Mlango wa Chumba cha Injini

Baba yangu alikuwa na sauti kubwa kuliko kengele ya shule, na wala hakuwa mtu wa ugomvi. Alikaa miaka ishirini na sita tumboni mwa tagi, kile chombo kifupi chenye kifua kipana kinachovuta meli kubwa kuziingiza na kuzitoa gatini, na zile injini mbili zilikuwa zimemla masikio. Akikujulia hali, jirani wa nyumba ya tatu ndiye anayeitikia. Bandarini walimbatiza jina la Kipaza. Alilipenda, labda kwa kuwa hakusikia watu wanavyocheka wakilitamka.

Mama hakupenda makelele, kwa hiyo alizungumza naye kwa mikono. Alimfinya kiwiko akitaka apunguze sauti, na mbele ya wageni alimfinya mpaka nikamwonea huruma. Baba naye alikuwa akiruka na kuuliza, kwa sauti ile ile, "Mbona unanifinya?" Hapo sote tulikuwa tukiangalia dari.

Juu ya baba, kwenye usukani, alikuwapo mjomba, mdogo wake mama, ziwa moja. Baba ndiye aliyempeleka bandarini, akamfundisha kamba na mafundo, akamwona anapanda cheo mpaka akawa nahodha wa tagi ile ile. Mtu mwingine angenuna kuamriwa na shemeji aliyemlea. Baba alichekelea tu. "Nimemfundisha kufunga fundo, sasa ananiamuru kufunga mlango," alikuwa akisema, na mjomba alijibu kwamba afadhali fundo, maana fundo halina ubishi.

Mlango huo nitauelezea, maana bila huo hakuna hadithi.

Watu wakisikia kazi ya tagi wanafikiria mawimbi. Mawimbi si kitu. Kinachoua ni kamba. Umewahi kumwona mtu mwembamba akimwongoza fahali kwa kamba? Fahali akifuata nyuma taratibu, wote wawili wanapendeza. Fahali akigeuka ghafla akakimbilia upande, yule mtu ataburutwa kifudifudi, na akiwa mkaidi wa kuachia kamba, shauri yake. Tagi ni hivyo hivyo. Meli ikienda mbele kwa kasi wakati tagi imekaa kiubavu, kamba inailaza tagi chini, na chombo cha tani mia tatu kinapinduka kabla hujamaliza kumwita mama yako. Ndiyo maana usukanini pana kitufe chekundu. Ukikibonyeza, ndoano inafunguka na kamba inaondoka.

Na ndiyo maana pana sheria ya milango: kamba ikishaingia kwenye ndoano, kila mlango ufungwe. Tagi iliyofungwa ikilazwa ubavu inaweza kuinuka tena. Iliyo wazi inakunywa maji, na ikishakunywa haiinuki. Sheria nzuri, ila aliyeiandika hakuwahi kukaa chumba cha injini saa nane mchana. Kule chini jasho linakauka kabla halijatiririka. Kwa hiyo baba, kama mafundi wengi wa chini, alikuwa na kabari yake ya mti aliyoichonga mwenyewe. Aliisukuma chini ya mlango ukabaki wazi kiasi cha kupitisha kichwa, apate kijiupepo. "Shemeji, mlango!" mjomba aliita kwenye bomba la sauti. "Umefungwa!" baba alinguruma. Mjomba alijua ni uongo, baba alijua kwamba mjomba anajua, na siku ziliendelea.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, mchana mweupe, bahari imetulia kama maji ya beseni. Walikuwa wanaitoa gatini meli ndefu ya makontena, tagi ya mjomba imefungwa nyuma. Mpaka leo hakuna anayejua kama amri ya rubani, yule anayeongoza meli kutoka bandarini, ilisikika vibaya au mkono wa mtu uliteleza, ila injini ya meli ilikoroga maji kwa nguvu, na meli ikaondoka. Tagi ikakamatwa kiubavu. Mpole, baharia wa kamba, alinisimulia kwamba aliona kamba imekazana mpaka inatoa moshi, halafu sitaha ikainama, na maji ya kijani yakaanza kupanda kuelekea mlango wa baba. Mlango ulikuwa wazi.

Ngazi ya kutoka ilikuwa mbele ya baba. Hatua sita na yuko nje, kwenye hewa, kwenye maji anayoweza kuyaogelea. Mpole alimwona akipanda, kichwa kikatokea mlangoni, akadhani anatoka. Baba alipiga teke kabari ikaruka, akauvuta mlango, akaukaza makomeo kwa ndani, naye akiwa mle mle.

Muda kidogo baadaye mjomba akabonyeza kitufe, kamba ikaachia, tagi ikainuka huku maji yakimwagika kila upande. Meli, kwa kukosa wa kuizuia nyuma, ikaenda kujikwaruza gatini ikabonyea ubavu. Hakufa mtu. Baba alirudi nyumbani amelowa mpaka kiunoni akatuambia bomba limepasuka. Mama alianika suruali yake bila kuuliza. Alikuwa mke wa fundi, mabomba alishayazoea.

Ukweli ulitoka kwa sababu meli imebonyea, na meli ikibonyea lazima apatikane wa kubebeshwa lawama. Ikaundwa kamati. Watu watatu na faili zao wakasema hivi: tagi ile imetengenezwa kustahimili kulala hata zaidi ya vile, mradi milango imefungwa. Mpole alikwisha kula kiapo kwamba mlango wa injini ulikuwa umefungwa tangu mwanzo. Alisema hivyo kumkinga baba, roho nzuri ile. Hakujua anamchimbia mjomba shimo. Maana kama milango ilikuwa imefungwa, basi nahodha aliachia kamba mapema, kwa woga, na cheti chake hana haki nacho.

Wakamwita baba. Waliniruhusu nikae kando yake nimrudishie maswali sikioni, kwa kuwa hakuna mle aliyekuwa na kifua cha kumpigia kelele. Chumba kilikuwa na feni moja inayozungukia upande wa wakubwa. Mjomba alikaa ukutani, kofia magotini, hakututazama.

Mwenyekiti akauliza, "Wakati meli inaondoka, mlango wa chumba cha injini ulikuwa katika hali gani?"

Nitasema wazi nilichofanya, ingawa sijivunii. Nilijua baba amebakiza miaka miwili astaafu. Nilijua fundi anayeacha mlango wazi hashuki tena kwenye chombo, na nilijua baba bila injini zake ni nusu mtu. Mjomba nilimpenda, lakini baba ni baba. Nikamwinamia sikioni nikasema, "Wanauliza kuhusu mlango. Sema ulikuwa umefungwa."

Baba akanigeukia kwa mshangao wa kweli.

"Mwanangu ananiambia niseme ulikuwa umefungwa," akawatangazia, na nadhani hata walinzi wa getini walisikia. "Hapana, wakubwa. Ulikuwa wazi. Niliuweka kabari mimi mwenyewe, kama ninavyoweka kila siku. Maji yalikuwa yameshaingia. Huyu kijana asingeachia kamba, leo mngekuwa mnauliza maswali kaburini."

Nilitamani sakafu inimeze. Mwenyekiti alikohoa kwa muda mrefu, katibu akaandika. Mpole alishika kichwa. Mjomba peke yake hakutikisika, ila alikuwa ameikunja ile kofia kama mtu anayekamua nguo.

Wiki ile ile majibu yakatoka. Nahodha hana kosa, aliachia kamba kwa wakati unaofaa. Fundi ahamishiwe karakana ya nchi kavu mpaka atakapostaafu.

Baba aliichukua ile barua akaenda kuisomea uani. Kuanzia Jumatatu akawa anakwenda karakana, anasugua vyuma vya tagi za watu wengine, anarudi mapema, hajui aiweke wapi mikono. Mama alifurahi, na alijificha kufurahi. Nilimkuta jikoni analia huku anatabasamu, akaniambia ni kitunguu, na kitunguu hakikuwapo. Miaka yote ile alikuwa akimsindikiza mlangoni asubuhi, akirudi ndani anakaa dakika chache bila kufanya kazi yoyote. Sasa alikuwa akimaliza kumuaga anashika ufagio moja kwa moja.

Ila mjomba hakuja. Mtu aliyekuwa akila kwetu kila Jumapili tangu kabla sijazaliwa, wiki ya kwanza hakuja, ya pili hakuja, ya tatu alituma salamu kwamba ana mafua. Mimi niliwaka. Nikamwambia mama kwamba ndugu yake hana shukrani, kwamba baba amejitoa kazini kwa ajili yake na yeye hata kikombe cha chai hawezi kuja kunywa. Mama aligeukia sufuria zake. Alikuwa na ndugu mmoja tu duniani, na nilikuwa namkata maini kila nikifungua mdomo. Baba yeye aliuliza Jumapili zote tatu, "Shemeji yuko wapi?" na tulimjibu yuko kazini.

Jumapili ya nne mama alijifunga kanga akaenda kumfuata mwenyewe. Alirudi naye amemshika mkono, kama mtu aliyemwokota sokoni. Mjomba alikuwa amekonda. Aliketi kwenye ukingo wa kiti, akakataa maji, akakataa chai, akamtazama baba aliyekuwa anafurahi na kucheka peke yake.

"Nilichelewa," mjomba akasema kwa sauti ya chini.

"Nini?"

"Nilichelewa, shemeji."

"Hujachelewa. Chakula hakijaiva."

Mama akaziba mdomo kwa kanga. Mjomba alinitazama mimi, nadhani akitaka nimsaidie kama nilivyofanya kwenye kamati, lakini sikuinuka. Nilikuwa bado nina hasira, na wala sikujua anataka kusema nini. Ikabidi asimame mwenyewe, akamwinamia baba, akapiga kelele.

"Nilichelewa kubonyeza! Wao wanasema niliwahi, lakini nilichelewa! Kidole kilikuwa juu ya kitufe, naona maji yanapanda mlangoni kwako, na sikubonyeza! Nilikuwa nawaza meli itagonga gati! Nilikuwa nawaza cheti changu! Wewe sikukuwaza, shemeji! Sikukuwaza hata kidogo!"

Nje, mtu aliyekuwa akigongelea bati aliacha kugonga. Mama alikuwa ameketi palepale alipokuwa, mikono mapajani. Ndugu yake alikuwa amemwambia mbele ya macho yake kwamba alikaribia kumfanya mjane, na uso wake sikuweza kuusoma. Hasira yangu ilibadilika ikawa kitu kingine ambacho sikukijua jina. Nilitaka kumpiga mjomba na nilitaka kumkumbatia.

"Najua," baba akasema.

"Hujui."

"Najua, bwana. Si nilikuwa mle ndani? Nimefunga mlango, taa zimezimika, chombo kimelala, mimi nimening'inia kwenye ngazi kama nguo. Ningefanya nini? Nikahesabu. Nilifika kumi na moja."

Mjomba akatikisa kichwa. "Kumi na moja ni nyingi."

"Ni nyingi," baba akakubali. "Saba nilishaanza kumwomba Mungu."

"Sasa kwa nini hukutoka? Mpole amesema ulifika mlangoni. Ungetoka!"

"Ningetoka, mlango angeufunga nani? Makomeo yako ndani. Maji yangeingia, wewe na Mpole mngekwenda chini." Baba alijikuna shingo, kana kwamba anaeleza jambo dogo la karakana. "Halafu nilikuona. Nilipotoa kichwa nilikuona pale dirishani, macho yamekutoka. Nikasema, huyu akiniona niko majini ataniangalia mimi, kamba ataisahau. Nikarudi ndani."

Mama alikuwa ameinamisha uso, mabega yanatikisika.

"Angekuwa nahodha mwingine," baba akasema, "nilipofika tano ningefungua niogelee, liwalo na liwe. Lakini ulikuwa wewe. Nilikuwa nakungoja."

Mjomba alishuka sakafuni, pale miguuni pa baba, mtu mzima na mvi zake, akalia kwa sauti. Baba hakumwambia anyamaze. Alisogeza miguu kidogo, kumpa nafasi.