Nimevunjika mguu, mke wangu akarekodi ngoma Sola huku mimi namwongoza kwa tablet

Mwangaluka wakuu,

Hili limenitokea mwenyewe, sijahadithiwa. Anayebisha aje Bariadi, nitamwonyesha mguu na nitamwonyesha video.

Mimi ni mpiga video. Harusi, kipaimara, ngoma, chochote. Nina kamera moja ya zamani, DSLR, ambayo kioo chake hakigeuki. Ukiinyanyua juu ya kichwa huoni unachorekodi, unaomba Mungu tu.

Mwaka huu watu walipomaliza kuuza pamba, nikapigiwa simu na manju mmoja wa Sola, kule Maswa. Manju ndiye anayetunga nyimbo na kuongoza kikundi cha ngoma. Huyu anaitwa Mzee Maduhu. Magoti yamemchosha, akaamua haya ndiyo mashindano yake ya mwisho, na anataka yarekodiwe.

Nikakubali.

Siku tisa kabla, nikaanguka na pikipiki njia ya Lamadi. Mguu wa kulia, wakanifunga POP, lile plasta gumu, mpaka gotini.

Nikampigia mzee nimwombe atafute mtu mwingine. Akanijibu, "Ng'wanawane, mwanangu, mimi sitacheza mara ya pili. Njoo hata na magongo."

Sasa ngoma za kwetu mnazijua. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, watu wanakimbilia kinachonoga, duara linafunga huoni hata pa kupitisha mkono. Na magongo nitapita wapi?

Mke wangu Minza anauza vitenge sokoni. Kamera hajawahi kuishika. Akaniambia, "Baba Kulwa, nifundishe. Mikono si ninayo?"

Shida ikawa namna ya kuona anachorekodi. Zile monitor za wireless za kisasa ni za wenye uwezo, mimi nazionaga mtandaoni tu.

Nilikuwa na router ndogo ya mfukoni, inayotumia betri yake yenyewe. Nikasoma nyuzi za watu mtandaoni, nikaibadilishia programu, nikaiunganisha na kamera kwa waya wa USB na kuifunga juu kwa mpira wa baiskeli. Inatoa Wi-Fi yake, haitaki bando. Upande wa pili tablet yetu yenye ufa, nikaweka app ya kuendesha kamera.

Wakuu, picha ikatokea! Nilipiga kelele mpaka jirani akaja.

Niseme ukweli: inachelewa kidogo, na ukuta ukiingia katikati inakata. Ila unaona. Na ukigusa sehemu kwenye tablet, focus inahamia hapo.

Minza akafanya mazoezi siku tano, kamera juu ya fimbo, anafukuzana na mbuzi wa jirani.

Siku ikafika. Mchana, jua kali. Wakanipandisha kwenye tela la trekta nje ya duara, nimejifunika kitenge kichwani nione kioo. Minza akazama kwenye watu, kamera imenyanyuliwa juu, earphone sikioni, tunaongea kwa simu.

"Kushoto. Shusha kidogo. Hapo hapo."

Mwanzoni watu wengi walikuwa upande wa pili. Mzee Maduhu alipoanza kuimba, wakaanza kuhama kwake, vumbi likatimka.

Hapo hapo simu ikakata. Mtandao umeelemewa. Picha bado naiona, ila Minza hanisikii.

Ghafla kamera ikamwacha manju!

"Minza, rudi kwa mzee!" Napiga kelele peke yangu kwenye tela. Dereva wa trekta akadhani POP imenibana.

Kamera ikapita kwenye nyuso taratibu, ikasimama kwa bibi mmoja mwembamba. Anaimba kila neno pamoja na manju, machozi yanamtoka wala hajifuti.

Nikagusa uso wake kwenye tablet, focus ikatulia.

Kisha Minza akarudi kwa mzee wakati ule ule anapiga magoti chini, yale yale mabovu, na kuinuka bila kushikwa. Watu wote wakawa upande wake. Alishinda, wakuu, tena wazi kabisa!

Nikamuuliza Minza alimjuaje yule bibi. "Nani mwingine anajua nyimbo zote za mwanaume kama sio mkewe?"

Tulipoipeleka video nyumbani kwa mzee, ilipofika kwa yule bibi, mzee akaomba irudishwe. Ikarudishwa mara tatu. Akasema, "Miaka yote nacheza nimempa mgongo. Sikujua." Bibi akainama, anacheka.

POP imeshatoka, lakini mwenye kamera sasa ni Minza. Wateja wanapiga simu: "Tunamtaka yule mama. Na wewe ukiwa na nafasi, njoo."

Nilichojifunza: usikatae kazi kwa sababu huna vifaa vya bei mbaya, kwanza pekua kabati lako. Na aliyeshika kamera yuko karibu kuliko wewe, mwache aone.

Waliotumia njia nyingine ya bei nafuu ya kuongea na mwenye kamera, isiyokata kwenye msongamano, mwageni ujuzi hapa. Minza anasoma comments zote, anasema mkinicheka atawapa like.