Aliyejifuta Kwenye Shukrani

Katika idara ile ya uhandisi wa maji alijulikana kwa jina la Mama Kalamu, ingawa hakujaliwa mtoto. Jina lilitokana na kalamu nyekundu aliyokuwa akiichomeka nyweleni, juu ya sikio, akaisahau hapo, kisha akapekua meza nzima huku akinung'unika kwamba wanafunzi wa siku hizi wana mikono mirefu. Alikuwa mhadhiri mwandamizi, na akabaki mwandamizi hivyo hivyo mpaka mvi zikamjaa. Wenzake walioanza kazi pamoja naye walipanda vyeo kwa sababu waliandika makala zao. Yeye alikuwa anasoma za watoto wa watu.

Na msidhani ni watoto wa wakubwa. Waliobisha mlango wake ni wale ambao chuo kiliwapokea shingo upande: msichana peke yake katika darasa la wanaume watupu, kijana asiyesikia ambaye wahadhiri walimfundisha wakiwa wamempa mgongo, na wale waliosoma shule ambazo maabara yake ni kabati lenye kufuli. Chuo kiliwapa nafasi ya kusomea uzamivu, kikapiga nao picha ya kupamba ukuta wa mapokezi, kisha kikawaacha wajijue. Mama Kalamu ndiye aliyewakalisha chini akawafundisha kupanga jaribio, kuandika aya inayosimama, na kumjibu mtu wa kejeli kwenye semina bila kutetemeka sauti.

Sasa, sheria ya chuo ilisema msimamizi mkuu wa tasnifu lazima awe profesa. Idara ilikuwa na profesa mmoja tu, naye ndiye mkuu wa idara. Kwa hiyo kila mwanafunzi wa Mama Kalamu, kwenye makaratasi, alikuwa wa Profesa. Yeye aliandikwa msimamizi msaidizi, maana yake kazi afanye yeye na jina liende kwingine.

Ningefurahi kuwaambia kwamba Profesa alikuwa jitu la kutisha, lakini wapi. Alikuwa mcheshi, mtu wa salamu ndefu, wa kwanza kufika msibani na wa mwisho kuondoka. Kasoro yake ilikuwa moja: hakusoma tasnifu. Alisoma ukurasa wa shukrani tu. Huo aliusoma kwa miwani, polepole, kama mtu anayeangalia mizani ya muuza nyama.

Hilo Mama Kalamu alilijua kwa machungu. Mwanafunzi wake wa kwanza kabisa, binti wa fundi bomba, aliandika kwenye shukrani kwamba bila mwalimu wake huyo asingefika popote. Jina la Profesa aliliweka chini, baada ya shangazi zake. Profesa akaikalia tasnifu ile. Kila akiulizwa alijibu kwa tabasamu kwamba bado anaipitia, kazi nzuri haiharakishwi. Mwaka ukageuka, na kazi aliyokuwa ameahidiwa binti yule akapewa mwingine. Kuanzia hapo kila tasnifu iliyopita mezani kwa Mama Kalamu, jambo la mwisho alilofanya ni kufungua ukurasa wa shukrani, kukata jina lake kwa wino mwekundu, na kuandika pembeni sentensi ya kuwekwa juu kabisa: "Namshukuru kwanza Profesa, msimamizi wangu mkuu, kwa malezi yake yasiyochoka." Wanafunzi walilalamika. Yeye aliwaambia tenda wema uende zako.

Mimi methali ile siku hizi naisikia vibaya. Nadhani iliwafaa zaidi waliokuwa wakitendewa.

Mdogo wake, fundi cherehani waliyekuwa wakiishi naye nyumba moja, alimwona siku moja akikata jina, akaweka mkasi chini. "Dada, mimi nikishona gauni usiku na mchana, halafu nikaandika jina la jirani kwenye ukosi, utaniitaje?"

"Mteja kavaa, kapendeza. Hiyo inatosha."

"Haya. Ila siku wateja wakija kumtafuta fundi, usinililie."

Siku hiyo ilifika mwaka ambao Mama Kalamu alikuwa anatimiza umri wa kustaafu. Profesa naye alikuwa anatimiza mwaka huo huo. Chuo kikatangaza tuzo mpya ya Mlezi Bora wa Watafiti, kwa ajili ya mtu aliyewasaidia kufika mwisho wale walio wachache kwenye sayansi na uhandisi. Mshindi angeongezewa mkataba wa miaka mitano, hata kama umri wake umefika. Kwa Mama Kalamu tuzo yenyewe haikuwa kitu, kabati lake lilikuwa dogo hata kwa sahani. Alichotaka ni ile miaka, na aliitaka kwa sababu ya Mama Pacha.

Mama Pacha alikuwa mwanafunzi wake wa mwisho, nusu ya safari. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na mapacha wao walikuwa wameanza shule juzi juzi tu. Utafiti wake ulikuwa chujio la mkaa wa mifupa, la kusafisha maji ya visima yanayowaharibu watoto meno yakawa ya kahawia. Mifupa alikuwa akiiokota buchani kwa ndoo, muuza nyama akawa anamuuliza hali ya mbwa wake. Mama Kalamu alihamisha semina ya idara kutoka jioni kwenda asubuhi ili mwanamke huyu aweze kuhudhuria, akawaambia waliolalamika kwamba ubongo wa asubuhi una faida. Watoto walipougua, aliwalaza kwenye mkeka nyuma ya meza yake, na mama yao akaendelea kupima maji. Kichwa cha yule mwanamke kilikuwa kinachemka kwa akili. Kilihitaji tu mtu wa kuzuia mlango usimfungikie.

Kamati ya tuzo ikasema haitaki maneno ya vibarazani, inataka ushahidi ulioandikwa. Basi wakashusha tasnifu zote za idara kutoka kwenye rafu za maktaba, wakafungua ukurasa wa shukrani, maana hapo ndipo mtafiti husema nani alimlea. Ukiisikia juu juu, ni njia ya busara. Katika kila moja walikuta malezi yasiyochoka ya Profesa. Hakuna hata mmoja wao aliyejiuliza inakuwaje watu waliopishana miaka yote hiyo washukuru kwa sentensi ile ile, mkato kwa mkato.

Hata hivyo mwenyekiti wa kamati, mama mmoja wa utawala mwenye moyo wa haki, alimwita Mama Kalamu ofisini kwake akafunga mlango.

"Mwalimu, kuna wanafunzi wametupigia simu wakakutaja wewe. Mmoja amepiga kutoka ng'ambo. Lakini kwenye tasnifu haumo hata moja, na mimi siwezi kuacha kilichochapishwa nikafuata simu. Labda uniambie wewe mwenyewe. Nani aliwalea hawa?"

Neno moja tu. "Mimi." Mtoto anayejifunza kusema analiweza. Mama Kalamu alilitafuta mdomoni akakuta pakavu. Wiki ile ripoti ya maendeleo ya Mama Pacha ilikuwa mezani kwa Profesa ikisubiri saini, na yeye alijua vizuri mtu yule anavyokalia vitu. Halafu, na hili tuliseme bila kumwonea haya, aliogopa pia kuonekana mwanamke mzima anagombania sifa. Alikuwa amezoea kujikata kiasi kwamba mkono ulikwenda wenyewe.

"Profesa ndiye mkuu wangu," akasema. "Mimi namsaidia tu."

Yule mama akafunga jalada lake.

Kwenye sherehe, Mama Kalamu alikaa safu ya nyuma na mdogo wake. Mshereheshaji alisoma malezi yasiyochoka mpaka ukumbi ukasimama. Profesa alipanda jukwaani akajifuta macho kwa kitambaa, na naapa machozi yalikuwa ya kweli, mtu alikuwa anaamini. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu hata mnazi hakuwahi kuupanda. Mdogo mtu aligoma kupiga makofi. Mama Kalamu alipiga, alikuwa na aibu ya kutopiga. Mwisho wa mwezi akarudisha funguo za ofisi.

Basi Profesa, kwa miaka yake mitano, akairudisha semina jioni. Hakuwa na ubaya na mtu. Jioni ndiyo ilikuwa desturi ya idara tangu enzi, na asubuhi sasa alikuwa anaitwa vyuo vingine kutoa mihadhara juu ya ulezi wa watafiti. Mama Pacha akawa hana wa kumwachia watoto. Alikosa semina, akaonywa, akakosa tena. Siku moja alikuja nao, mmoja akamwaga maji ya sampuli, watu wakacheka, Profesa naye akacheka kwa upole akasema hapa si shule ya chekechea. Kabla muhula haujaisha akaandikiwa kwamba amefutwa kwenye orodha ya watafiti kwa kukosa nidhamu ya mahudhurio.

Mama Kalamu aliposikia alivaa viatu vya kazini akaenda. Alisubiri kwenye benchi la wageni, mbele ya mlango aliouingia miaka yote bila kubisha.

"Profesa, yule binti kazi yake imebakiza kidogo. Mrudishie semina asubuhi tu, atamaliza."

"Dada yangu, ulikuwa unawadekeza. Mimi nimewalea wengi, na wote wamefuata utaratibu."

Hapo ndipo, kwa kuchelewa kote kule, neno lilipotoka. "Hukuwalea wewe. Niliwalea mimi. Kila ukurasa nimeusoma mimi."

Profesa hakukasirika. Alimtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mzee aliyeanza kusahau majina ya wajukuu. "Imeandikwa wapi, dada?"

Haikuwa imeandikwa popote. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Huyu alikuwa amechuma la kwake kwa kalamu, mwaka hadi mwaka, kwa mapenzi mema, na sasa lilikuwa limepelekwa mezani kwa mwingine.

Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Mama Pacha. Akamkuta uani anafua sare za shule, mikono imejaa povu. Ndani ya ile ndoo ya mifupa zilikuwa zimelowekwa soksi. Mama Kalamu alijaribu kueleza: Profesa alivyo, binti wa fundi bomba alivyoumia, kwa nini alikuwa akijikata kwenye shukrani, alichoulizwa na mwenyekiti wa kamati na alichojibu. Alipofika kwenye jibu, akaanza kulia, mtu mzima, amekaa juu ya kigoda cha kufulia.

Mama Pacha alisikiliza yote. Alisuuza shati moja, akalikamua, akalianika, ndipo akageuka.

"Kwa hiyo alikuuliza uso kwa uso."

"Ndiyo, mwanangu. Nilikuwa nakukinga wewe."

"Machozi haya, Mwalimu, ungelia mbele yake yule mama, wakati bado una kiti mle ndani. Huku kwangu yanalowesha nini?"

Alifuta mikono kwenye kanga, akachukua funguo. Watoto walikuwa karibu kutoka shule, na hakuwa na mtu wa kumtuma.