Mama Alipopiga Yowe Ghorofa ya Tatu

Kila mgeni wangu akija humpeleka Alexandria mjini, hii ya Virginia, Marekani, kule mji wa kale, kwenye barabara za mawe na nyumba za matofali mekundu. Nampiga picha mto Potomac ukiwa nyuma yake, halafu namwacha aamini kwamba ndiko ninakoishi. Uongo mtupu. Nakaa dakika ishirini kwa basi kutoka pale, kwenye jengo lenye korido zinazonuka vitunguu vya kila taifa. Mama yangu alipotoka Tanga kuja kunitembelea nilimfanyia yaleyale, na Jumamosi hiyohiyo, kabla jua halijazama, wote wawili tulikuwa sakafuni, damu inatutoka, na mimi nina pingu mikononi.

Nianze na jirani, maana habari yenyewe ni yake. Mlango uliofuata wangu alikaa dada mmoja wa Kenya na mumewe. Tulifanya kazi moja ya kutunza wazee, yeye Wheaton kule Maryland, mimi Annandale hapa Virginia. Alinigongea kuomba chumvi, nami nilimgongea kumpa wali wa nazi. Mumewe mpole, mbele za watu. Kwenye lifti anakushikia mlango, anakuuliza, "Mko poa?" Na alikuwa akimpiga. Si kofi la hasira la siku moja, hapana. Kuta zetu ni karatasi. Nilisikia mwili ukigonga kabati, nikasikia yule dada akisema, "Nisamehe, nisamehe, sitarudia." Miaka miwili.

Kwa nini sikuita polisi? Mwulize Mwafrika yeyote wa huku. Ukimwitia mwenzio polisi, jina lako limeoza Maryland na Virginia yote. Harusini hualikwi, na ukifiwa utalia peke yako. Halafu makaratasi ya yule dada ya kuishi nchini yalitegemea ya mumewe. Basi tukasema ya ndani ya nyumba hayatoki nje. Mimi huyu, mwenye mdomo wa kumgombeza dereva wa basi kwa kuchelewa dakika mbili, hapo nilikuwa bubu.

Jumamosi ile asubuhi mama alitembea kwenye yale mawe akilalamikia miguu. "Mji wa matajiri huu, lami imewashinda?" Tukafika kwenye nyumba moja ya matofali yenye kibao. Nikamsomea: humo walifungiwa watu weusi wakisubiri kuuzwa kusini. Mama akasimama. Akatazama nyumba za pembeni.

"Na hawa majirani?"

"Majirani gani, mama?"

"Waliokaa hapa. Hawakusikia watu wakilia?"

"Ya zamani hayo, mama."

"Nimekuuliza kama walisikia."

Nikamnunulia aiskrimu ili anyamaze.

Saa kumi na moja jioni tulikuwa jikoni, mama anasukuma chapati, mimi nachoma. Ikaanza. Sauti ya mwanamume, kishindo, kisha kitu cha kioo kikavunjika. Mama akainua kichwa.

"Nini hicho?"

"Jirani."

"Jirani anafanya nini?"

"Mama, huku kila mtu na lake. Sukuma chapati."

Kikaja kishindo kingine, na sauti ya yule dada ikakatika katikati, kama bomba lililofungwa. Hapo hata mimi niligeuka. Kulia kwake nilikuzoea, Mungu anisamehe. Kunyamaza namna ile sikuwahi kukusikia.

Mama hakuniuliza tena. Alijifunga kanga kibwebwe akatoka na unga mikononi. Mtaani kwetu Tanga, nyumba ikilia unatoka ulivyo. Ukipiga yowe mtaa mzima unamwagika, na mwanamume anayeua mkewe anakuta wanawake kumi mlangoni, wengine na michi. Mama alikuwa na hakika na hilo. Akabamiza ule mlango kwa viganja. "Hodi! Baba, fungua! Fungua, utaua mtoto wa watu!" Kisha akapiga yowe. Yarabi, yowe lile! "Uwiii! Jamani njooni! Anauaaa!"

Korido ile ina milango kumi na sita. Haukufunguka hata mmoja. Mama akageuka huku na huku, anasubiri watu. Nami nilikuwa kizingitini kwangu, na niseme kweli, mkono bado uko kwenye kitasa. Nilikuwa nawaza namna ya kumvuta arudi ndani.

Mume akafungua. Shati limechomoka, anahema. "Mathe, rudi kwako. Hii ni mambo ya nyumba." Mama, kadogo vile, akapenya chini ya mkono wake. Jamaa akamkamata kanga akamtupa. Kichwa cha mama kiligonga ukuta, nikakisikia.

Damu ikanipanda. Sikumbuki kurudi jikoni, lakini mkononi nilikuwa na kile kifimbo cha kusukumia chapati. Nilimpiga bega, nikampiga sikio, nikaupiga mkono aliouinua kujikinga, na kila pigo liliniburudisha, sitadanganya. Nilimtukana matusi ambayo mama hakujua kama nayajua. Akanikamata misuko, akaugongesha uso wangu kwenye fremu ya mlango mara mbili. Jino likanitoka. Mama akatambaa akamng'ata shavu la mguu, akagoma kuachia. Na nyuma ya jamaa, ndani, nikamwona yule dada chini karibu na meza, ameshika koo, anavuta pumzi kwa mlio. Alipona kwa sababu kwa dakika ile mikono ya mumewe ilikuwa kwetu.

Polisi wakaja. Nani aliwaita sijaambiwa hadi leo. Walikuta mwanamke mweusi ana mti mkononi na mwanamume anavuja damu sikioni. Wewe unadhani nini? Pingu nikapigwa mimi. Jamaa akabadilika palepale, ile sauti ya kwenye lifti ikarudi: majirani wamevamia nyumba yake, mkewe mgonjwa. Nikajua nimekwisha, kazi na kila kitu. Wakamwuliza yule dada kumetokea nini. Akafungua mdomo, sauti haikutoka. Akamtazama mumewe. Akanitazama mimi. Halafu akaivuta kola ya gauni kwa mikono miwili akawaonyesha shingo. Vidole vyote vilikuwa vimejichora.

Wakanifungua mimi, wakamfunga mumewe.

Kesho yake alitoka hospitali akaja moja kwa moja kwangu, hakutaka hata kuutazama mlango wake. Mama, na nundu yake kichwani, alimkalisha, akawa anamkanda shingo kwa kitambaa chenye barafu, anamwita mwanangu. Mimi nilikaa mbele yao na mdomo uliovimba, najiona shujaa. Nilitaka kushukuriwa, ndiyo, nilitaka. Nikamwambia, "Pole dada yangu. Laiti tungejua mapema."

"Ulijua," akasema. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, ilibidi niiname ndio nimsikie. "Kila akinichapa alikuwa ananiambia, ita huyo Mtanzania wako. Piga nduru, yuko hapo tu kwa ukuta, anakusikia. Hatakuja." Akameza mate kwa shida. "Mwanzo nilikuwa nakuita. Halafu nikaona ni ukweli, nikaacha."

Nilimtazama mama. Alikuwa pale pale, kitambaa mkononi, amesikia kila neno. Hakunitetea.