Ngozi za Mivukuto

Kinanda cha kanisa letu la Nunguni kiliuawa kwanza na panya, kisha na mchwa, na mwishowe na uzembe wetu wenyewe. Wamishenari walikileta vipande vipande ndani ya masanduku wakati mama yangu alikuwa msichana. Mabomba yake yalianzia sakafuni yakakaribia dari, yale makubwa ya mbao pembeni, yale madogo ya bati na risasi katikati. Walipofunga virago baada ya uhuru walituachia ufunguo na onyo kwamba watoto wasikiguse. Watoto hawakukigusa. Panya hawakuwa wameonywa.

Mimi ndiye niliyekuwa nikikipiga. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kule shule ya bweni nilikosomea nilikuwa nimefundishwa kinanda kidogo cha kukanyaga kwa miguu, basi kanisa likaona hiyo inatosha. Kila mwaka sauti ilipungua, hadi Jumapili moja nikabonyeza vibao nikasikia upepo mtupu. Kinanda cha namna ile hupumua. Chini yake kuna mivukuto miwili mikubwa, masanduku ya mbao yaliyoungwa kwa mikunjo ya ngozi. Mtu husimama nyuma akisukuma mpini, mivukuto inajaa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayopanda kuimba kwenye mabomba. Ngozi ikitoboka, hata upige namna gani, hakuna wimbo. Tukarudi kuimba kwa mdomo, na kinanda kikawa mahali pa kuweka mifagio.

Mume wangu alikuwa seremala, mtu wa Tulia, upande wa Kitui. Alikuja kwetu milimani kutafuta kazi akanipata mimi, na alipenda kusema kwamba kazi ndiyo anaendelea kuitafuta. Mzaha ulimjia kwa urahisi. Nikiwa na hasira, na mimi hasira si mgeni wangu, alikuwa akiniita Mwalimu, kwa unyenyekevu wa uongo, mpaka nicheke.

Halafu ikaja njaa ile tuliyoiita Nikw'a Ngwete, yaani nakufa nikiwa nimeshika, kwa sababu hata mwenye pesa mkononi hakupata unga dukani. Kule Tulia wazee walikuwa wakikusanya mbuzi wa kupeleka ithembo, mahali pao pa kuombea mvua tangu enzi za mababu. Kila boma lilitakiwa kutoa. Mama mkwe wangu alikuwa mjane, na mbuzi wake walikuwa wamekufa. Akamtumia mwanawe ujumbe, naye akampelekea mbuzi dume mweusi.

"Mwaitu ameomba," aliniambia. Mwaitu ni mama, na kwetu neno hilo likishatajwa mjadala umekwisha. "Sasa nikatae, niseme nini?"

Mvua haikunyesha. Kilichofika haraka ni habari. Muumini mmoja wa kwetu alikwenda Tulia kutafuta mtama, akarudi bila mtama ila na hadithi ya yule dume. Wazee wa kanisa wakamwita mume wangu, naye hakukana. Wakamtenga. Kutengwa kwetu kulikuwa hivi: unakaa benchi la nyuma kabisa karibu na mlango, huombi mbele ya watu, na Meza ya Bwana ikiandaliwa sahani inakupita. Na ukifa katika hali hiyo, kanisa halikuziki. Kengele haipigwi, mchungaji haji, kwaya haiji.

Kwa mtu mwenye afya hilo la mwisho lingekuwa neno tu. Lakini mume wangu alikuwa mgonjwa wa kifua. Vumbi la mbao la miaka mingi lilikuwa limemjaa mapafuni, na daktari alikuwa amemwambia waziwazi, mimi nikiwepo, kwamba hapo hakuna dawa ya kurudisha kilichokwisha kuharibika. Tulipokaribia nyumbani aliniambia kwamba anataka jambo moja tu, kurudishwa Mezani kabla hajafa. Hakutaka kuzikwa kama mtu aliyeokotwa njiani.

Ndipo mwenyekiti wa wazee wa kanisa alipokuja nyumbani kwetu. Alikuwa mzee mrefu, mkulima hodari wa viazi, na ndiye aliyesoma hukumu ya kumtenga mume wangu. Mgeni mkubwa wa kanisa alikuwa anatarajiwa kutoka Nairobi, na mwenyekiti alitaka asikie kinanda.

"Fundi, wewe tengeneza hiyo kinanda," alisema. "Ikiimba siku ya mgeni, hiyo maneno yako tutamaliza. Mimi mwenyewe nitasimama niseme."

Mume wangu akakubali kabla chai haijamiminwa. Mimi nilitaka ahadi hiyo isemwe mbele ya wazee wote, lakini aliniangalia nikaimimina chai.

Alikifungua kinanda chote. Kanisa likajaa mabomba yaliyolazwa kwenye mabenchi, na ukiingia ghafla ungedhani ni majeruhi. Ndani ya bomba kubwa kuliko yote nyuki walikuwa wamejenga, na yeye, kama Mkamba yeyote aliyelelewa kati ya mizinga, aliwatoa kwa moshi bila kuumwa sana. Masega yakaenda kwa mchungaji. Mabomba ya bati yaliyobonyea aliyanyoosha kwa kuyavingirisha juu ya gogo la mviringo. Mbao zilizoliwa na mchwa alizikata akaweka za mvule. Jioni nikitoka shuleni nilimkuta amekaa chini amejishika kifua, akisubiri pumzi imrudie. Nilikuwa nikimletea uji, na alikuwa akisema uji huo ni mwepesi kiasi kwamba mtu anaweza kusoma gazeti kupitia humo.

Ikabaki ngozi. Ya kutoka ng'ambo hatungeipata. Lakini mbuzi walikuwa wakifa kila siku, kwetu na kote bondeni hadi Kitui, na ngozi ndiyo kitu pekee ambacho njaa haikuwanyang'anya watu. Wazee wakaamua kila nyumba ilete ngozi moja kama sadaka. Mume wangu aliomba jambo moja litangazwe: ngozi ziparuliwe na kukaushwa tu, zisitiwe mafuta, kwa sababu gundi haishiki penye mafuta. Mwenyekiti alitangaza baada ya ibada, kati ya habari za mahindi ya msaada na habari za harusi. Alisema leteni ngozi. Mafuta hakuyataja, labda alisahau, labda aliona ni maneno madogo ya mafundi.

Na kwetu hakuna mwanamke anayempa mtu ngozi kavu. Ngozi ya zawadi husuguliwa kwa mafuta ya mbarika na kukandwa mikononi hadi ikunjike bila kulia. Kumpelekea mtu ngozi ngumu ni kumwambia hustahili jasho langu. Sasa hawa walikuwa wanampelekea Mungu. Walikuja Jumapili hiyo wamebeba ngozi laini zinazong'aa, mtu mwenyewe amekauka midomo kwa njaa na ngozi yake inateleza kwa mafuta. Bibi mmoja mzee kutoka bondeni, ambaye zizi lake lilikuwa limebaki tupu, aliweka yake mbele ya madhabahu akaipapasa mara ya mwisho kama anayemlaza mtoto.

Mume wangu alizinusa akaja kwangu amebadilika uso. Tukaenda pamoja kwa mwenyekiti. Akamweleza taratibu, na mwenyekiti akamsikiliza hadi mwisho.

"Sadaka ikishawekwa hapo mbele hairudi," alisema. "Na ule mama wa bondeni utamwambia nini? Ngozi yake Mungu hataki?"

Mume wangu alirudi kazini. Alijaribu kuzikausha kwa majivu, lakini siku ya mgeni ilikuwa imekaribia, na mwenyekiti alikuwa akipita kila asubuhi kuuliza kama bado. Basi akachemsha gundi ya kwato na kuzibandika hivyo hivyo. Kila nyumba ilitaka kuonyeshwa ngozi yake iko wapi, naye akawaonyesha.

Siku ilipofika kanisa lilijaa hadi nje. Nilibonyeza vibao, na kinanda kikaimba. Siwezi kusema uongo, nilisahau njaa na kila kitu. Watu wazima walilia. Joto la watu likapanda, na katikati ya ubeti wa tatu nikasikia chini ya miguu yangu mlio wa kitu kinachobanduka polepole. Sauti zikaanza kushuka, kwanza zile nzito, zikapinda, zikawa mbaya kusikiliza, kisha zikakatika. Nyuma ya kinanda mpini ulikuwa ukienda juu na chini bila kazi. Mgeni akatazama viatu vyake.

Mwenyekiti akasimama. Sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Mungu amejibu," alisema. "Mkono wenye kutoa mbuzi ya ithembo hauwezi kujenga nyumba yake."

Watu wakageuka kutazama benchi la nyuma.

Nyumbani nilimwambia mume wangu asimame Jumapili inayofuata aseme ni mafuta. Alikuwa amelala chali, anapumua kwa vipande.

"Nikisema ni mafuta, wale akina mama wote watajua ni ngozi zao," alijibu. "Ule wa bondeni amebaki na nini ingine?"

Nilikasirika naye kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu, na hasira hiyo ilikuwa mapenzi, sikuwa na namna nyingine ya kuyaonyesha. Nikaenda peke yangu kwa mwenyekiti. Nilimkumbusha siku tuliyokwenda kwake kuhusu zile ngozi. Alinisikiliza akiwa ameshika jembe, akaniambia, "Mwalimu, wewe ni bibi yake. Lazima useme hivyo." Nikarudi nyumbani.

Mume wangu alikirudia kinanda. Hakuna aliyemtuma, na ahadi ilikuwa imekwisha. Alizibandua ngozi zote, akazilowesha kwenye maji ya majivu, akazisugua kwa udongo mweupe wa kunyonya mafuta, akazianika, akazisugua tena. Vumbi la udongo ule lilikuwa kali. Nilimwambia linamuua, naye akasema ndiyo, Mwalimu. Kisha alijilaza ubavu ndani ya mivukuto kuzibandika moja moja, kila ngozi mahali pale pale alipokuwa amewaonyesha wenyewe. Kulinganisha sauti tulifanya wawili. Mimi nilibonyeza kibao nikakishikilia, yeye akasimama kati ya mabomba akigonga mdomo wa bomba hadi sauti ikae sawa. Akikohoa tulingoja. Siku za mwisho tulingoja zaidi kuliko tulivyofanya kazi.

Kikaimba, na safari hii ngozi hazikubanduka. Wazee wakaja kusikiliza, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mume wangu akauliza habari ya Meza, kwa upole, kofia mkononi.

"Tungoje kidogo," alisema mwenyekiti. "Ile ya kwanza pia iliimba. Mvua ikinyesha na hii bado inasimama, tutaona."

Alikufa asubuhi moja kabla ya mvua, nikimshikilia akae wima, kwa sababu akilala hakupata hewa. Mchungaji alikuja. Alikuwa kijana, na alinitazama kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Mama, mimi ningependa," alisema. "Lakini wazee wamekaa, na sheria ni ile."

Tulimzika shambani kwetu. Majirani walichimba, wanawake waliimba bila sare za kwaya, na yule bibi wa bondeni alifika kwa miguu akisaidiwa na mjukuu. Mama mkwe wangu alitoka Tulia. Alikuwa anajua mwanawe amejenga kinanda cha kanisa zima, na katikati ya maombi alininong'oneza, akitaka kujua mbona kengele hailii. Nilimwambia kamba yake imekatika. Hakujua kwamba mbuzi aliyemwomba ndiye aliyeinyamazisha, na mimi nisingemwambia hata kwa fimbo.

Meza ya Bwana iliandaliwa wiki chache baadaye. Walituma mtu kuniomba nipige, kwa kuwa hapakuwa na mwingine anayeweza. Dada yangu aliniambia nikatae. Nikaenda, kwa sababu hewa iliyokuwa ndani ya mivukuto ile ilikuwa imezibwa kwa mikono ya mume wangu, na sikutaka mtu mwingine aiguse. Kanisa lilijaa sauti. Mwenyekiti aliomba, akamshukuru Mungu kwa kinanda chetu, akawashukuru akina mama kwa ngozi zao, akamaliza. Hakuna aliyetajwa zaidi ya hao.

Kisha akaja mwenyewe na sahani ya mkate hadi pale nilipoketi, kwa heshima, kwa kuwa mpigaji hawezi kuacha kazi aende mbele. Alisimama kando yangu akainyoosha. Meza isiyokuwa na nafasi ya mume wangu haikuwa na nafasi yangu, na nilikuwa nimelijua hilo tangu asubuhi. Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye vibao, nikaiacha hapo. Wimbo ulipofika mwisho nikauanza upya. Mzee alingoja, akaihamishia sahani mkono wa pili, watu wa mabenchi ya mbele wakainua vichwa. Alipochoka kungoja akairudisha mbele, na mimi nikaendelea kupiga.