Watoto Walioachwa Bukima

Harufu ya dagaa walioanikwa Bukima, nilikokwenda juzi, ilinirudisha kwenye alasiri moja ya utotoni kule Butiama. Bibi alikuwa akipepeta ulezi, nami nikamwuliza kwa nini yeye na babu walihamahama sana. Alisema Kisorya walimwacha mtoto mmoja, Bunda mmoja, Bukima wawili.

"Mbona hawaji kututembelea?"

"Hao hawatembeagi, mjukuu wangu," alisema, akautua ungo.

Nikawaona ndugu wenye maringo. Ukubwani ndipo mama alinieleza kwamba kila walipozika mtoto, walihama.

Basi juzi, msomi mzima, nilikwenda kuyatafuta makaburi ya wale wawili. Mwenye shamba la mihogo, palipokuwa nyumba ya babu na bibi, alinihurumia.

"Mzee, hapa tulishapitisha trekta zamani. Hatukuona kitu."

Nilimshukuru, nikaipiga picha mihogo.