Seli za Mdogo Wake

Maabarani tulimwita Mlezi, maana kazi yake ilikuwa kulea seli. Kila asubuhi alimwaga chakula cha jana kutoka chupa za rafu ya juu, akatia kipya, chekundu, huku akizisemesha: "Kuleni mshibe, walafi nyie." Tulimcheka. Rafu ya chini hakuigusa, kwani ilikuwa ya chupa zilizotiwa dawa.

Chupa moja ilikuwa na seli za uvimbe wa saratani wa mdogo wake, binti aliyemlea mwenyewe tangu mama yao afariki.

Seli, kwa taarifa yako, hutembea na kisu chake kiunoni. Ikiharibika, hujiua. Kinachouzuia mkono wake ni protini ambayo seli huitengeneza yenyewe, na seli za uvimbe huitengeneza kwa pupa, ndiyo maana hazifi ng'o. Dawa mpya ilikuwa ya kukatiza utengenezaji huo. Seli zikijiua chupani, mgonjwa angepewa dawa. Zisipojiua, angerudishwa nyumbani.

Ijumaa jioni, Mlezi akiwa ameshaondoka, mkuu wa maabara alitia dawa kwenye chupa hiyo. Kisha, kwa uvivu wa wakubwa, akairudisha chupa pale pale ilipokuwa, rafu ya juu.

Mazoea yana taabu. Jumamosi Mlezi alipitisha mkono rafu nzima, akamwaga, akalisha. Dawa ikaenda na maji ya sinki.

Jumatatu mkuu aliinama kwenye hadubini. Seli zilikuwa nono.

"Dawa imeshindwa. Pole, mama."

Mdogo mtu alirudishwa nyumbani. Alikufa kwa maumivu, akimwita dada yake, na dada alikuwa kazini akilisha seli.

Baada ya maziko mkuu alirudia jaribio, safari hii kwa mkono wa Mlezi, na chupa ikawekwa chini. Siku ya kuangalia, hakukuwa na seli hata moja nzima.

"Mbona sasa zimekufa?" Mlezi aliuliza. "Ile ya kwanza uliiweka wapi, bosi?"

"Ilipokuwa. Juu."

Mlezi aliitazama mikono yake. Hakulia, na mimi nilitamani alie, au ampige yule mtu na kiti.

Mkuu alikuwa ameshaanza kuandika. Alifurahi, wala hakuficha.

"Tumeziweka nyingine kwenye barafu," alisema. "Ziyeyushe tuhakikishe. Ila safari hii, tafadhali, usizilishe."