Mashimo ya Rosaire

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na viatu vipana vya theluji vya Rosaire, vile vya kufungwa juu ya buti ili mtu asizame, vilikuwa bado vinaning'inia ukutani. Fernande Thibault aliviona, akaelewa. Mumewe ameondoka na buti tupu, tena mwezi wa Aprili, theluji ikiwa imeshaanza kuyeyuka.

Njia ya mlimani ilianzia nyuma ya nyumba yao. Fernande hakumpigia mtu simu. Waokoaji wa mji ule wote ni marafiki wa mwanawe, Gaétan, na Gaétan alishakata shauri: baba akipotea mara nyingine, anapelekwa nyumba ya wazee. Fernande alikuwa amemwapia kwamba baba yake hapotei mlimani. Anaweza kusahau jiko likiwaka, anaweza kusahau jina la mjukuu, lakini mlima? Mlima umo miguuni mwake. Hilo ndilo tumaini pekee alilobaki nalo, na hakutaka mtu aliguse.

Akavaa viatu vyake vipana, akapanda.

Mashimo yalianzia kwenye misonobari. Majira yote ya baridi watu wa pale huikanyaga theluji ya njiani mpaka inashikamana, na jua la Aprili likishailainisha, hupiti juu yake bila viatu vipana. Ukijitia ujuaji unazama hadi pajani, na shimo lako likiganda usiku, kesho linamvunja mwenzio mguu. Hakuna aliyelichukia jambo hilo kama Rosaire. Kule kiwandani, alikotengeneza karatasi mpaka kikafungwa, alikuwa mpole kupita kiasi. Mlimani alikuwa mbogo. Aliwahi kumfokea hata padri. Na leo mashimo ni yake, moja baada ya jingine, marefu, ya kutia aibu. Fernande aliyatazama kana kwamba mumewe amepita mjini bila nguo.

Kijana mmoja na mchumba wake walikuwa wanateremka.

"Angalia unapokanyaga, mama," kijana alimwambia. "Kuna mpumbavu kaiharibu njia yote."

"Mpumbavu kweli," Fernande alijibu, akajichukia papo hapo. "Hamjakutana na mzee mmoja huko juu?"

Msichana akacheka. "Yule wa koti jekundu? Yuko pale kijitoni. Katutukana sisi! Eti mashimo ni yetu. Babu ana mdomo yule!"

Fernande nusura akimbie. Kama anagombana na watu juu ya mashimo, basi bado ni yeye.

Alimkuta amekaa juu ya jiwe, suruali imelowa hadi kiunoni, midomo imegeuka rangi. Kijito kilikuwa kimefura maji ya theluji, kinanguruma.

"Umeyaona?" Rosaire alifoka. "Mtu mzima, na buti tupu! Nikimpata namzamisha humu humu."

"Nimeyaona, mzee wangu. Twende nyumbani."

Alimvua buti na soksi, akamvalisha soksi zake mwenyewe za akiba na kumrudishia buti, kisha akavua viatu vyake vipana na kumfungia miguuni. Rosaire akasimama, akashika njia kwa hatua zilezile za miaka yote, imara, hana wasiwasi. Nyuma yake Fernande alizama hadi gotini, akajing'oa, akazama tena.

Rosaire akageuka. "We mama! Huna haya? Viatu vyako viko wapi?"

"Nimempa mtu."

"Umempa mtu! Na huyo mtu naye akapokea? Huna mume wa kukufundisha?"

Fernande alimtazama vizuri usoni, akitafuta dalili ya utani, maana Rosaire alikuwa mpenda utani sana. Hakuiona. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anavyomwuliza mpita njia.

"Sina," alisema. "Naishi peke yangu."

"Pole." Sauti ya Rosaire ililainika. "Mimi nina mke. Yeye hawezi kufanya ujinga kama huu. Njoo, kanyaga ninapokanyaga."

Fernande akamfuata, akikanyaga alipokanyaga, na hata hivyo akawa anazama. Machozi yalimtiririka na hakuyafuta. Walipofika kwenye misonobari alitoa simu.

"Gaétan," alisema, "njoo umchukue baba yako."